Watu saba chumba kimoja hotelini Unguja: tunaenea, au nilipie vyumba viwili?

MamaWanne

Habari za jioni wakuu. Desemba tunavuka kwenda Unguja kutokea Dar, usiku nne, Nungwi. Tuko saba: mimi na baba watoto, mama mkwe wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, kijana wa miaka 13, mabinti wa miaka 9 na 6, na mdogo wa miezi 10 ambaye bado ananyonya.

Hoteli tuliyoipenda ina "chumba cha familia" kwa 220,000 kwa usiku. Wameandika watu wazima 2 na watoto 3, kitanda cha 6 kwa 6 na sofa inayokunjuliwa kuwa kitanda. Chumba cha kawaida cha watu wawili ni 150,000. Nikipiga hesabu, chumba kimoja kinaokoa 80,000 kila usiku. Je, saba tutaenea? Na kama tutaenea, tulaleje ili kila mtu apate usingizi, hasa bibi na mtoto? Naomba majibu ya wanaovijua vyumba vya hoteli kwa ndani.

Mapokezi_Pwani

Dada, kabla ya kuhesabu vitanda, hesabu vichwa kama hoteli inavyovihesabu. Wewe unaona watu wazima watatu na watoto wanne. Hoteli nyingi za pwani wataona watu wazima wanne, kwa sababu kijana akishafika miaka 12 analipa kama mkubwa. Watoto wa katikati, mara nyingi kuanzia miaka 2 au 3 hadi 11, hulipa nusu au chini ya hapo wakilala chumba kimoja na wazazi. Aliye chini ya miaka 2 kwa kawaida halipi. Mipaka hii kila hoteli ina yake, ndiyo maana ujumbe wako uutaje umri wa kila mtoto. Ukiandika "watoto wanne" tu, mtu wa mapokezi atakisia, na akikisia vibaya utajua siku ya kufika.

Halafu hiyo 220,000 karibu hakika si bei ya watu saba. Chukua mfano huu. Bei za ziada nimeziweka ili uone hesabu inavyokwenda, za kwao uwaulize. Tuseme 220,000 ni ya watu wazima wawili tu, mtu mzima wa ziada ni 50,000 na mtoto 25,000. Chumba cha familia: 220,000, ongeza bibi na kijana 100,000, ongeza mabinti wawili 50,000. Jumla 370,000. Vyumba viwili vya kawaida: 300,000 kwa watu wazima wanne, ongeza mabinti 50,000. Jumla 350,000. Umeona? Chumba kimoja kimekuwa ghali kuliko viwili, na bafu umebaki nalo moja. Kwa watu wanne au watano chumba kimoja huokoa fedha kweli. Kuanzia wa sita, piga hesabu zote mbili kila mara.

Kitu kingine kinachowaangusha watu ni kuweka nafasi mtandaoni kwa "watu wazima 2" ili bei ishuke, halafu kufika saba. Kitanda cha ziada kwenye tovuti za kuweka nafasi mara nyingi hakimo kwenye bei unayoiona. Unakiomba, hoteli inathibitisha, na unakilipia hukohuko. Bila kuthibitishwa hakipo. Hoteli ya vyumba 30 inaweza kuwa na vitanda vya kukunja vitano tu, na wiki ya Krismasi vyote vina wenyewe.

Watumie ujumbe wa WhatsApp au barua pepe, usipige simu, ili jibu libaki kwenye maandishi. Andika hivi:

"Tunakuja tarehe fulani hadi fulani, usiku 4. Watu wazima 3, watoto wa miaka 13, 9, 6 na miezi 10. Naomba kujua: (1) chumba cha familia kinaruhusu watu wangapi mwisho, mtoto mchanga akiwa ndani ya hesabu, (2) bei ya mwisho kwa watu hawa, chai ya asubuhi na kodi zote zikiwemo, (3) mnaweza kuongeza vitanda vingapi na vina upana gani, (4) mna kitanda cha mtoto mchanga, (5) mna vyumba viwili vyenye mlango wa ndani wa kuunganisha, (6) vitanda vitakuwa vimeshatandikwa tukifika?"

Swali la 2 litilie mkazo. Zanzibar kuna kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na hoteli nyingine hawaiweki ndani ya bei. Swali la 5 nalo lina mtego: "vyumba vya jirani" ni milango miwili kwenye korido moja, lakini "vyumba vya kuunganishwa" vina mlango katikati unaofunguka kwa ndani. Watu wa mapokezi huvichanganya, kwa hiyo taja mlango.

Beba kitambulisho cha taifa kwa ajili ya bei ya wakazi, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya mabinti. Binti wa miaka 9 aliyerefuka huulizwa umri.

Shuka_Nyeupe

Mwenzangu amemaliza upande wa bei, mimi niseme upande wa sakafu. Idadi ya vitanda kwenye tangazo haikwambii kama mtaenea. Kinachokwambia ni mita zilizobaki baada ya vitanda kufunguliwa vyote, na hoteli chache huandika mita.

Unaweza kuzipata kwenye picha. Tazama vigae vya sakafu. Vyumba vingi vya huku vina vigae vya sentimita 40 kwa 40 au 60 kwa 60. Utajuaje ni vipi? Kitanda cha 6 kwa 6 ni sentimita 183 bila fremu, na fremu huongeza kidogo. Kikifunika vigae vinne na nusu hivi, ni vya 40. Kikifunika vitatu, ni vya 60. Sasa hesabu vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Picha za hotelini hupigwa kwa lenzi inayotanua chumba, kwa hiyo macho yatakudanganya lakini idadi ya vigae haidanganyi. Kama sakafu haina vigae, omba picha iliyopigwa kwa simu mtu akiwa amesimama mlangoni, sofa ikiwa imekunjuliwa. Hiyo ya sofa kukunjuliwa usiisahau. Ikiwa imefungwa inachukua kina cha sentimita 90. Ikifunguliwa inaweza kufika 190 na kuziba njia ya bafuni.

Upana wa mtu mmoja kulala vizuri ni sentimita 60 kwa mkubwa, 45 hadi 50 kwa mtoto. Kwa hiyo 6 kwa 6 inabeba wakubwa wawili na mtoto mmoja kwa 61 kila mmoja, au watoto watatu wakilala mkingamo, yaani kichwa upande mmoja wa kitanda na miguu upande wa pili badala ya kuelekea ubao wa kichwani. Mtoto wa chini ya sentimita 150 anaenea kwenye upana wa 183 bila miguu kuning'inia. Mkilala mkingamo, mito ihamie pembeni na shuka la chini lichomekwe upya, maana shuka la hoteli hukunjwa kwa kulala kawaida na usiku wa kwanza tu litatoka.

Vitanda viwili vya futi 3 na nusu vikiunganishwa ni vipana kuliko 6 kwa 6, kama sentimita 213. Tatizo lake ni ufa wa katikati. Unaanza mdogo, kufika usiku wa manane vitanda vimeachana na mtoto amezama. Omba miguu ya vitanda ifungwe kwa kamba upande wa kichwani na wa miguuni, ufa ujazwe blanketi lililoviringishwa kwa urefu, kisha shuka moja kubwa lipite juu ya magodoro yote mawili. Mtoto asilazwe juu ya ufa hata hivyo. Alale mkubwa.

Sofa za kukunjua nyingi zina chuma kinachopita katikati ya mgongo. Godoro lake huwa la inchi 3 au 4 na limeshalaliwa sana. Omba duveti la ziada, likunjwe mara mbili, litandikwe chini ya shuka. Ukiomba usiku saa tano hulipati, stoo ya shuka imeshafungwa. Omba mchana.

Mzazi_wa_Mvita

Bei na nafasi ni sawa, lakini kuna kijana wa miaka 13 na dada zake hapo, na bibi yao. Sisi wa pwani tumefundishwa kutenganisha malazi ya watoto wakifika miaka kumi, na hata asiyefuata dini yetu atakubali kwamba kijana wa umri huo anahitaji pa kubadilishia nguo. Kama lazima iwe chumba kimoja, wanaume walale kitanda chao na wanawake chao, kila mtu aingie bafuni na nguo zake za kulalia, na pazia au shuka litundikwe kati ya pande mbili kama pana pa kufungia. Bibi pia ana haya zake. Msimpange mkabala na mlango.

Kwa watu saba mimi ningetazama pia nyumba ya kupanga kwa siku yenye vyumba viwili na jiko. Kwetu Diani, pwani ya Kenya, zipo nyingi, nyingine zinakuja na mpishi wake kabisa. Unguja pia zipo.

MamaWanne

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimewaandikia na wamejibu. Chumba cha familia wanakubali saba, wakiongeza kitanda kimoja tu cha futi 3 pamoja na kitanda cha mtoto. Bei yao ya mwisho ni 320,000 na kila kitu. Vyumba vyenye mlango wa ndani tarehe hizo vimejaa. Vyumba viwili vya kawaida vipo, lakini ghorofa tofauti, na jumla ni 345,000. Ghorofa tofauti na bibi mwenye magoti na mtoto anayenyonya, naona ni taabu.

Vigae nimevihesabu kwenye picha: ni vya 40, kumi kwa upana na kumi na tatu kwa urefu. Mlango wa kuingilia na wa bafu vyote viko ukuta wa kulia, kuelekea mwisho ulio mbali na kitanda. AC iko juu ya kitanda kikubwa. Tunaweza kupangaje?

Shuka_Nyeupe

Mita 4.0 kwa 5.2. Hapo panatosha, kwa kubana. Fuata mchoro huu.

Kitanda kikubwa sasa hivi kiko katikati ya ukuta wa kichwani, kimeacha kama mita moja kila upande. Mita moja moja hizo hazisaidii kitu. Waambie wakisukume hadi kona ya kushoto. Fremu ikiwa sentimita 190, kulia kwake panabaki 210 kwa mkupuo. Kitanda cha futi 3 kiwekwe ukuta wa kulia, kichwa upande uleule, kinakula 90. Katikati panabaki 120. Hapo weka kitanda cha mtoto kikigusana na kitanda kikubwa, kwa kawaida upana wake ni kama 65, na panabaki njia ya 55 kati yake na kitanda cha ziada. Mtu anapita akiwa ameinamisha bega kidogo. Chini ya 50 msikubali, usiku mtu atajikwaa.

Vitanda vinaishia mita 2 kutoka ukuta wa kichwani. Mbele yake mnabaki na mita 3.2 kwa 4. Sofa ikae ukuta wa kushoto, ikunjuke kuelekea kulia: ikifika 190 bado kulia pana mita 2.1 mbele ya milango yote miwili. Meza ndogo ya kioo itolewe chumbani kabisa. Kiti kimoja kibaki.

Mgao: bibi kitanda cha futi 3. Ni cha peke yake, na kutoka miguuni mwake hadi bafuni ananyooka na ukuta wa kulia bila kumruka mtu. Ila angalieni kimo. Vitanda vingi vya kukunja viko chini, sentimita 35 hadi 40, na mwenye magoti mabaya hainuki kwa urahisi kutoka hapo. Kalisheni magodoro mawili. Kimo kizuri ni pale anapokaa ukingoni, nyayo zikiwa chini zote na magoti hayajapanda juu ya nyonga. Kama kitanda kina magurudumu, breki zifungwe na kiegemee ukuta, maana kitateleza anapojisukuma kuinuka.

Mama na mabinti wawili kitanda kikubwa: mama upande wa kitanda cha mtoto, wa miaka 6 katikati, wa miaka 9 ukutani. Baba na kijana kwenye sofa. Ikiwa ni futi 4 kwa 6 ni sentimita 61 kwa kila mmoja. Wakibanana, kijana ahamie chini kwenye godoro la futi 3 kati ya sofa na miguu ya kitanda kikubwa. Mwombe meneja godoro hilo mapema kwa jina la "godoro la sakafuni", usiliite kitanda cha ziada. Hoteli inayokataa kitanda cha pili kwa sababu haina fremu mara nyingi ina godoro. Ila likubaliwe kwa maandishi pia.

Mabegi ndiyo yanayokula chumba. Watu saba wakija na mabegi saba, ile mita 3.2 imekwisha. Njooni na mabegi laini manne, yanayoingia chini ya kitanda kikubwa. Uliza kama kitanda kina uvungu. Vya zege au vya mbao zilizozibwa havina. Bebeni kamba ya mita 5 na vibanio kwa nguo za kuogelea, mfunge barazani. Msianike kwenye AC wala kwenye chandarua.

Fundi_Hewa_na_Maji

Nimesoma mchoro, naongeza mambo mawili yanayoharibu usiku wa chumba kilichojaa.

Joto kwanza. Chumba cha mita za mraba 20.8 huwekwa AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), na hiyo imehesabiwa kwa watu wawili. Kanuni ya kawaida ni kuongeza BTU 600 kwa kila anayezidi wawili. Ninyi mnazidi kwa watano, hiyo ni 3,000, inafika 15,000. Desemba ni kaskazi na jua kali, kwa hiyo AC ya 12,000 itakimbia usiku kucha bila kufika. Ombeni chumba ambacho ukuta wa nje haupigwi na jua la alasiri, na mapazia yafungwe tangu saa sita mchana. Washeni AC saa moja kabla ya kulala, wekeni nyuzi 24 au 25. Kuweka 16 hakufanyi chumba kipoe haraka, na kama kichujio kimeziba vumbi, mashine inaganda barafu ndani na saa nane usiku mnaamka jasho linatiririka, maji yakidondoka juu ya kitanda. Mkifika tu mwambieni mhudumu afungue kifuniko, vichujio vioshwe. Ni kazi ya dakika kumi. Pangaboi likizungushwa taratibu pamoja na AC linasaidia sana, maana baridi ya AC iliyo juu ya kitanda kikubwa haifiki kwenye sofa yenyewe.

Mjue pia AC hizi za ukutani hazileti hewa mpya, zinaizungusha ileile. Watu saba na madirisha yamefungwa, asubuhi kichwa kizito. Fungueni madirisha dakika kumi kabla ya kulala na mara mkiamka.

Kama chumba kinawaka kwa kadi ya mlangoni, ulizeni friji iko kwenye laini gani. Kwingine ukitoa kadi friji nayo inazimika.

Maji sasa. Hita ya kawaida chumbani ni lita 30. Ikiwa imewekwa nyuzi 60 na maji ya bomba pwani ni 27 hivi, ukichanganya upate ya kuogea ya nyuzi 39 unapata kama lita 80. Bomba la mvua linatoa lita 10 kwa dakika, basi hizo ni dakika nane. Dakika nane kwa watu saba! Hita ya kilowati 1.5 inahitaji dakika 45 kuchemsha tena. Dawa yake ni ndoo na kopo. Ndoo ya lita 20 inaogesha watoto wawili, lita 10 kwa kila mmoja. Mabinti na mtoto waoge saa kumi na mbili jioni kwa ndoo, bibi afuate, hita ipumzike wakati wa chakula, wakubwa waoge saa tatu. Asubuhi kwa joto la Desemba wakubwa wanaweza kuoga ya baridi.

Umeme: soketi ni zile za pini tatu, na chumba mara nyingi kina mbili au tatu. Ekstensheni ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,500 pamoja zinazidi, plagi inaweza kuyeyuka. Simu zenu zote chajini kwenye ekstensheni hazina neno, lakini birika lichomekwe peke yake ukutani, juu, mbali na watoto.

Neti_na_Shuka

Kwa mtoto wa miezi 10 naomba yafuatwe haya bila kupunguza.

Kitanda chake kikague mkifika, usiku usiwakute hamjakitazama. Godoro liwe gumu, bapa, lienee pande zote. Vidole viwili vikipita kati ya godoro na ukingo, likataeni. Wahudumu kwa wema wao huongeza godoro la pili au mto ili "alale laini". Toeni. Nafasi ya pembeni ya lile la pili ndiyo inayombana mtoto uso. Alazwe chali, bila mto, bila blanketi, bila toi.

Kama kitanda chake hakijaletwa, asilale kwenye sofa kwa hali yoyote, awe peke yake au na mtu. Sofa ina shimo la nyuma na mto unaobonyea. Asilale pia kati ya kitanda kikubwa na ukuta, wala katikati ya dada zake. Mtoto wa miaka 6 hugeuka usingizini bila kujua. Ulizeni mapokezi tena na tena hadi kije.

Kwenye ule mchoro AC iko juu ya kitanda kikubwa. Elekezeni mapanga yake, vile vibao vinavyoongoza hewa, juu, baridi isimshukie mtoto moja kwa moja. Kamba za pazia zifungwe juu asizifikie akisimama, na miezi 10 anasimama.

Chandarua cha hoteli kipo juu ya kitanda kikubwa tu. Bibi, baba na kijana watakuwa wazi. Hoteli haitawaruhusu kupiga misumari, kwa hiyo andikeni mapema waweke ndoano mbili, au bebeni neti mbili za kujisimamisha zile za kukunjua kama mwavuli, moja ya futi 3 na moja ya futi 4. Kwa mtoto beba neti ndogo ya kitanda chake. Kingo zichomekwe chini ya godoro pande zote. Ikigusa sakafu tu, mbu anapita. AC kuwaka si sababu ya kuacha chandarua.

Maziwa ukiyakamua, friji ndogo za chumbani nyingi hazipoi kama za jikoni. Omba yawekwe friji ya jikoni kwenye chupa yenye jina na saa.

MamaWanne

Mungu awabariki. Nimewatumia hoteli ule mchoro nilivyouchora kwenye karatasi, wamekubali, na godoro la sakafuni pia. Tunachukua chumba kimoja kwa usiku tatu. Usiku wa nne tunataka kulala Mji Mkongwe ili asubuhi tuwe karibu na boti. Nyumba ya wageni tuliyoiona ina chumba chenye vitanda viwili vya samadari, vile virefu vya nguzo nne, na magodoro ya ziada. Kuna la kuangalia?

Shuka_Nyeupe

Lipo. Ngazi kwanza. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu na ngazi zake zimesimama wima, nyembamba, na nyingine hazina pa kushika. Chumba cha familia mara nyingi kiko juu kabisa kwa sababu huko ndiko kuna nafasi. Kwa bibi, omba chumba cha chini au ghorofa ya kwanza, na uulize idadi ya vidato. Jibu "ghorofa moja tu" halitoshi, dari za mle ziko juu na ghorofa moja inaweza kuwa vidato 20 na zaidi.

Samadari ni kitanda kirefu kwenda juu, vingine vina kijingazi. Bibi atakipandaje? Muulize mwenye nyumba kama ana kitanda cha kawaida kimoja, maana magodoro mawili yaliyokalishwa sakafuni yatakuwa chini mno kwa magoti yake. Binti wa miaka 6 alale upande wa ukuta, na chini ya ukingo ulio wazi wekeni godoro la inchi 4. Ukiwa na nguzo nne za samadari chandarua unacho tayari, hakikisheni tu hakina matundu.

Uzuri wa samadari ni uvungu wake. Godoro la futi 3 kwa 6 linaingia chini mchana na kutolewa usiku, na mabegi manne yanakaa hapohapo. Kitanda cha mtoto waulizeni leo hii, kwa sababu hakipiti kwenye kila mlango wa zamani kikiwa kimefunguliwa. Lazima kiwe cha kukunja. Na gari haliingii vichochoroni. Panga mtu wa mkokoteni asubuhi ile, muda wa kutembea na bibi hadi bandarini uhesabu mara mbili ya wako, na mabegi yafungwe usiku.